Jalidi imepiga ua wangu: ning'oe au nisubiri?

Swali: Shikamoo bwana shamba. Bustani yetu ilipigwa na jalidi usiku tatu mfululizo. Hibiskasi zimekuwa nyeusi kana kwamba zimemwagiwa maji ya moto, na bogonvilia ya ukutani imebaki vijiti. Ua wa Duranta, wenye miaka minane sasa, umepukutisha majani yote upande wa chini wa mteremko, lakini kule juu uko kijani kama kawaida. Saipresi mbili za pembeni zimekauka upande mmoja tu. Jirani ananiambia ning'oe vyote nianze upya. Mkasi ninao mkononi. Nifanye nini, na nifanye lini?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Weka mkasi chini kwanza, na jirani mwombe akuvumilie wiki kadhaa. Ninaujua uchungu wa kuamka asubuhi ukakuta mimea uliyoilea miaka minane imelala kama mboga iliyochemshwa. Lakini mpaka sasa umenieleza habari za majani tu, na mimi nahitaji kujua habari za mashina.

Maji yanapoganda ndani ya mmea, barafu kwa kawaida huanzia kwenye nafasi zilizo kati ya seli. Barafu hiyo huvuta maji yaliyomo ndani ya seli, nazo hukauka na kunywea. Baridi ikizidi, utando wa seli hupasuka, na barafu ikiyeyuka asubuhi utomvu huvuja ovyo. Ndiyo sababu jani lililopigwa na jalidi kwanza huonekana kama limeloa, kisha hulegea, kisha huwa jeusi. Jani ni jembamba, limejaa maji, halina cha kulikinga. Baada ya jani huumia kitawi kichanga, kisha tawi lililokomaa, kisha shina lenye gome nene. Mizizi huwa ya mwisho, maana udongo hupoa polepole kuliko hewa. Kwa hiyo kifo cha jalidi huanzia nchani na kushuka, na kazi yako sasa ni kutafuta kimeshuka hadi wapi.

Chukua ncha ya kisu, au ukucha wa kidole gumba, ukwangue gome kidogo, kiasi cha punje ya mchele, ukianzia karibu na ncha ya tawi. Chini ya gome kukiwa na rangi ya kijani na unyevu, hapo pana uhai. Kukiwa na hudhurungi na ukavu, shuka kidogo ukwangue tena. Endelea hivyo hadi ufike penye kijani, kisha funga uzi mwekundu hapo. Baada ya wiki mbili au tatu rudi ukwangue tena chini ya uzi. Hapa ndipo watu wengi hukosea: hupima siku ya pili baada ya jalidi, wakaona kijani, wakafurahi, kumbe nyama ile ilishakufa na haijapata muda wa kubadilika rangi. Uzi ukibaki palepale mara mbili mfululizo, umepata mpaka. Ukilazimika kuushusha kila unapopima, mmea bado unaendelea kufa na hujafika wakati wa kukata. Matawi membamba unaweza pia kuyapinda: lililo hai hukubali kupinda, lililokufa hukatika kwa mlio mkavu.

Usiishie kwenye matawi. Piga magoti, fukua udongo kidogo, utazame shingo ya mmea, pale shina linapokutana na ardhi. Baridi kali inaweza kupasua gome hapo, na ufa huo usiuone kabisa ukiwa umesimama. Mmea wenye jeraha kama hilo una tabia ya kudanganya. Joto likirudi huchipua kwa akiba iliyobaki ndani ya matawi, ukasema umepona. Kisha siku za jua kali zikifika, majani mapya yananyauka yote kwa wiki moja. Hapo watu hulaumu jua au mbolea, ilhali njia ya chakula kati ya majani na mizizi ilikatika tangu usiku ule wa baridi. Ukikuta gome limekufa sehemu tu ya mzunguko wa shina, upande uliobaki mzima unaweza kuubeba mmea. Likiwa limekufa kuzunguka shina lote, kila kilicho juu ya hapo hesabu kimekwenda, hata kama kina majani ya kijani leo. Vipande vya gome vilivyobanduka vikate taratibu hadi penye gome lililoshika, uache hewa ipite. Usipake rangi wala lami. Jeraha lililofunikwa hutunza unyevu, na unyevu huleta uozo.

Najua kusubiri kunachosha, hasa ukiwa unapita mbele ya vijiti vyeusi kila siku. Lakini matawi yale yaliyokufa bado yanakufaa: yanakinga sehemu hai za chini dhidi ya usiku mwingine wa jalidi. Tena ukikata leo unaamsha macho yaliyolala. Siku mbili tatu za joto zitatoa machipukizi laini, na jalidi ya wiki ijayo itayachoma pamoja na akiba ambayo mmea ulitumia kuyatoa. Sababu hiyohiyo inanifanya nikuzuie kuweka mbolea yenye naitrojeni kwa sasa. Mmea uliojeruhiwa hauna njaa, na kuusukuma ukue kabla hali ya hewa haijatulia ni kuuongezea mzigo. Maji pia yapunguze. Mmea uliopoteza majani unakunywa kidogo sana, na udongo unaoloa muda wote huozesha mizizi, ambayo ndiyo tegemeo lako la mwisho. Kidole kikiona udongo umekauka kwenda chini sentimita tano hivi, mwagilia. Kama sivyo, acha.

Kuna vitu viwili tu ambavyo unaweza kukata sasa hivi. Cha kwanza ni matawi yaliyovunjika na kuning'inia. Cha pili ni mimea yenye mashina ya maji na nyama laini, kama begonia, ambayo baada ya jalidi huwa uji. Uozo wake hushuka haraka hadi kwenye shingo, kwa hiyo ikate hadi penye ugumu.

Sasa mmea mmoja mmoja.

Hibiskasi zako, bogonvilia na Duranta ni watu wa nchi za joto. Hufa juu kwa urahisi, lakini mara nyingi huchipua upya kutoka chini, hata kutoka chini ya usawa wa udongo. Niliwahi kung'oa hibiskasi ambayo niliikwangua nchani hadi chini nikakuta hudhurungi tupu. Ilipotoka na bonge lake la udongo, niliona kwenye shingo, kama vidole viwili chini ya ardhi, machipukizi meupe matatu yanayopanda. Yalikuwa yamebakiza siku chache tu yatokeze. Tangu siku hiyo sing'oi hibiskasi hadi joto lirudi kabisa na kudumu, hata kama ni miezi mitatu. Huchelewa kuamka kuliko mimea mingine, na kimya chake si dalili ya kifo. Bogonvilia usiihofie sana kama ni ya miaka mingi na shina lake la chini lina unene wa mkono. Lantana, plumbago na fyushia, kama unazo, zina tabia hiyohiyo.

Waridi litazame kwa jicho jingine. Mawaridi mengi yamepandikizwa juu ya shina la aina nyingine, na mahali pa maungio pana uvimbe karibu na ardhi. Machipukizi yakitoka juu ya uvimbe, waridi lako lipo. Yakitoka chini yake tu, utakachopata ni maua ya mmea uliobeba, na lile ulilolinunua limekwisha. Haidranjia za majani mapana huchipua vizuri kutoka chini, ila nyingi hutoa maua kwenye matawi ya mwaka uliopita. Matawi hayo yakiungua, utapata majani mwaka huu na maua mwakani. Lavenda na rosemari hazina huruma: penye mti mkavu usio na jani, kwa kawaida hazichipui. Zikiungua hadi hapo, panda nyingine.

Saipresi ndizo zinazonipa wasiwasi zaidi, na hapa lazima nikuambie ukweli mapema. Saipresi haichipui kutoka kwenye mti wa zamani usio na kijani. Ukiikata kupita mpaka wa kijani, pengo litabaki pengo. Miti ya Taxus, ambayo nayo hupandwa sana kuwa ua, inaweza kukatwa hadi kwenye shina ikavaa upya. Usimsikilize mtu anayekuambia miti yote ya aina hii ni sawa.

Ila umesema zimekauka upande mmoja, na hilo linanifanya nisiharakishe kuilaumu jalidi. Simama bustanini ujiulize: upande huo unatazama wapi? Ukiwa ni upande unaopigwa na upepo, huenda kilichotokea ni kiu. Udongo ukiganda, mizizi haiwezi kuvuta maji, lakini majani ya mti usiopukutika yanaendelea kuyapoteza kwa upepo na jua. Mti hukauka ukiwa umesimama juu ya maji. Ukiwa ni upande wa chini tu, hadi urefu wa goti, na mbwa hupita hapo, jibu ni mkojo wa mbwa, ambao huunguza saipresi vibaya. Upande ukiwa unapakana na barabara inayomwagiwa chumvi kuyeyusha barafu, chumvi hiyo nayo huunguza majani namna hiyohiyo. Na kama ukavu umeanzia ndani ya mti ukatoka nje, fungua matawi utafute vidukari. Vidukari wa saipresi wana rangi ya hudhurungi na kijivu, hujipanga kwenye vitawi, na huacha maji matamu yanayonata ambayo baadaye huota masizi meusi. Madhara yao huonekana muda mrefu baada ya wao wenyewe kuondoka, kwa hiyo masizi yanaweza kuwa ushahidi pekee uliobaki.

Usikate saipresi hadi uone ncha za vitawi zinaanza kukua. Vitawi vitakavyobaki hudhurungi wakati wenzake wanatoa kijani kipya vimekufa, vitoe. Pengo likiwa dogo, vuta matawi mazima ya jirani yake uyafunge kwa kamba laini yalifunike, na kwa miaka miwili mitatu huenda lisionekane tena. Likiwa ni upande mzima wa mti, sitakudanganya: utaishi nalo au utapanda mti mwingine.

Nimeacha jambo la mteremko hadi sasa kwa sababu naona ndilo kiini cha shida yako. Umeandika kwamba Duranta ya chini imeungua na ya juu haikuguswa. Ni mimea ya umri mmoja, pengine hata ya kitalu kimoja. Ya juu haikuwa na nguvu kuliko ya chini. Ilisimama kwenye hewa nyingine.

Usiku usio na mawingu wala upepo, ardhi hutoa joto lake kuelekea angani na kupoa haraka. Hewa inayogusa ardhi hiyo hupoa nayo, na hewa baridi ni nzito. Huanza kuteremka taratibu, inafuata mabonde na vijia kama maji yanavyofuata mfereji, ila hatuioni. Ikikuta kizuizi husimama na kujaa, kama bwawa. Kama ua wako umekata mteremko kwa chini, mnene tangu kwenye udongo hadi juu, basi wenyewe ndio uliojenga bwawa hilo na ukazama ndani yake. Ukuta wa matofali au geti la bati hufanya vivyo hivyo.

Unaweza kuthibitisha kwa gharama ndogo. Ning'iniza kipimajoto kimoja juu ya mteremko na kingine chini, kwa urefu mmoja kutoka ardhini, uvisome alfajiri ya usiku mtulivu. Tofauti ya nyuzi mbili tatu katika bustani moja si ajabu. Na usitegemee utabiri wa hali ya hewa peke yake: joto linalotangazwa hupimwa juu ya ardhi, kwenye kivuli cha kisanduku chake, usawa wa kifua hivi au zaidi. Nyasi na majani ya chini yanaweza kuganda wakati utabiri unasema nyuzi 3 au hata 4 juu ya sifuri.

Dawa yake ni kuipa hewa baridi njia ya kutokea. Kwenye kona ya chini kabisa, acha uwazi, au weka geti la fito lenye nafasi. Ua unaweza pia kuuinua sketi, yaani kuondoa matawi ya chini ili upepo upite kwenye visigino. Ukipanda upya kule chini bila kufanya hivyo, hata mimea mizuri namna gani, utaniandikia barua hii tena.

Basi wakati wa kukata ukifika, yaani hatari ya jalidi imepita, nyuzi zako nyekundu hazishuki tena na machipukizi yameanza kuonekana, ukate kwa utulivu. Kila tawi lirudishe hadi penye mti hai, juu kidogo ya jicho au chipukizi, kwa mkasi mkali na safi. Ile sehemu ya Duranta iliyoungua, usiirembe kwa kupunguza ncha. Ukikuta uhai uko karibu na ardhi tu, ishushe yote hadi sentimita 20 au 30, hata kama roho inauma. Machipukizi yanayotoka pamoja kutoka chini hujenga ua mnene kuliko yale yanayotoka ovyo kwenye vijiti vya urefu tofauti. Kwa sehemu ambazo upande mmoja ndio ulioumia, kata upande huo mwaka huu na uache mwingine ulishe mizizi. Machipukizi yatakapofika urefu wa kiganja, weka mboji, kisha matandazo ya unene wa sentimita tano hadi saba, yasiguse shina. Na tangu siku ya kwanza upogoe ua uwe mpana chini na mwembamba juu, jua lifike miguuni. Nyua nyingi zenye upara chini zimeharibiwa na umbo, wala si baridi.

Kuna mimea itakayogoma. Joto likishadumu na hakuna dalili, kwangua shingo, kisha fukua pembeni utazame mizizi. Mzizi hai ni mgumu, na ndani ni mweupe au wa rangi ya maziwa. Uliokufa ni mweusi, na ukiuvuta ganda lake huvuka kama soksi. Ukikuta hivyo kila upande, ng'oa, na hapo jirani yako atakuwa amesema kweli kwa mmea huo mmoja.

Unapong'oa, tazama vizuri kabla hujatupa. Ikiwa mimea inakufa mmoja baada ya mwingine kwenye mstari, na inaendelea kufa hata kwenye joto, hiyo si jalidi. Bandua gome la shingo. Ukikuta utando mweupe kama karatasi uliobanwa kati ya gome na mti, unaonuka uyoga, ni kuvu wa Armillaria. Husafiri ardhini kupitia mizizi na nyuzi nyeusi zinazofanana na kamba za viatu, kwa hiyo toa kisiki na mizizi yote unayoweza kuifikia, wala usipande kichaka kinachoshambuliwa nao hapohapo. Ukikosa utando huo lakini mti una doa la hudhurungi nyekundu linalopanda kutoka kwenye mizizi, na mahali penyewe hutuama maji, shuku Phytophthora, kimelea anayeozesha mizizi. Huyo hufuata maji, na kutibu mmea bila kutoa maji udongoni ni kazi bure.

Pengo la katikati ya ua wa zamani ni gumu kujaza, kwa sababu mizizi ya majirani inamgombania mgeni maji. Chimba shimo pana, kata mizizi ya zamani iliyomo, changanya mboji, na upande miche midogo badala ya mikubwa. Midogo hushika haraka. Kisha mwagilia misimu miwili ya ukavu bila kuchoka, kwani miche mingi ya kujazia hufa kwa kiu mwaka wa kwanza au wa pili, na lawama hupewa udongo.

Kuhusu usiku mwingine wa baridi, yapo machache yanayosaidia kweli. Mwagilia udongo mchana kabla ya jalidi. Udongo wenye unyevu hutunza joto la jua na kulitoa usiku. Funika vichaka kwa shuka au gunia linaloshuka hadi ardhini, maana joto unalotaka kulitega linatoka chini. Kulifunga shuka shinani kama mwavuli hakufai. Liondoe asubuhi. Nailoni ikigusa majani huyaunguza palepale ilipogusa, kwa hiyo itengenezee fito za kuishikilia. Kunyunyizia maji usiku kucha, kama wafanyavyo wenye mashamba ya matunda, usijaribu. Maji yanapoganda hutoa joto kidogo, na ndilo linalolinda, lakini lazima yaendelee bila kukatika hadi barafu iyeyuke yenyewe. Yakikatika saa kumi alfajiri, mmea uliolowa unapoa kuliko ambao haukuguswa. Matandazo nayo yana pande mbili: yanakinga mizizi, lakini yanazuia joto la udongo lisipande kwenye majani. Kwa hiyo yaweke kwenye shingo za mimea uliyokubali ife juu ichipue chini, na uyasogeze pembeni kwa vichaka vifupi ambavyo unataka kuokoa majani yake.

Kwa wiki hii, basi, kazi yako ni kisu kidogo, uzi mwekundu na vipimajoto viwili. Anza na Duranta tano za chini kabisa. Baada ya wiki tatu nitumie picha za shingo zake, gome likiwa limekwanguliwa, na uniambie vipimajoto vimesema nini na nyuzi nyekundu zimeshuka kiasi gani. Picha za majani sizihitaji.